Besi wa Ziwa Naivasha, na Elimu ya Kumvua kwa Ndoana

Mtu aliyezoea kuona nyavu zikivutwa zimejaa samaki humshangaa mtu akaaye katika mashua tangu alfajiri hata jua kuwa kali, naye ameshika fimbo moja yenye mshipi mmoja na ndoana moja. Hushangaa zaidi amwonapo mtu huyo akimpata samaki mzuri, akamtazama, kisha akamrudisha majini. Wengine husema kwamba mtu wa namna hiyo ana chakula kingi nyumbani kwake, au hana kazi. Lakini uvuvi huo una elimu yake, una vyombo vyake, na una adabu zake. Tena katika Ziwa Naivasha elimu hiyo yahusu riziki ya watu wengi ambao hawajashika fimbo ya kuvulia maisha yao yote. Kwa hiyo yafaa wasomaji waelezwe habari za samaki huyo aitwaye besi: ametoka wapi, huvuliwaje, na kwa nini yapasa avuliwe kwa akili.

SAMAKI ALIYELETWA KUTOKA MBALI

Besi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini, hasa upande wa mashariki na wa kati. Wataalamu humwita kwa Kilatini Micropterus salmoides. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka wa 1929 ili watu wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Ziwa hilo liko katika Bonde la Ufa, juu kiasi cha futi 6,200 kutoka usawa wa bahari, na maji yake ni matamu. Walakini halikuwa na samaki mkubwa wa asili hata mmoja. Samaki wa asili aliyejulikana humo alikuwa wa aina moja tu, naye alikuwa mdogo kuliko kidole cha mtu. Perege pia waliletwa kutoka mahali pengine, nao walianza kutiwa ziwani katika miaka hiyo hiyo ya 1920.

Mgongo wa besi ni wa rangi ya kijani iliyokoza, tumbo lake ni jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi uendao mpaka mkiani. Pezi lake la mgongoni lina sehemu mbili: ya mbele ina miiba mikali, na ya nyuma ni laini. Lakini alama iliyo wazi kuliko zote ni kinywa chake. Ni kikubwa sana, hata pembe ya taya hupita nyuma ya jicho.

Samaki huyu si mkimbiaji wa kufuata windo lake mbali. Desturi yake ni ya mvizia. Hujificha kando ya mafunjo, chini ya majani yaeleayo, au penye mti ulioanguka majini, akatulia kimya. Samaki mdogo, chura, mdudu au kamba akipita karibu, hufumbua kinywa ghafla, na maji yakavutwa ndani pamoja na windo. Tena ubavu wake wasikia mtikisiko mdogo sana wa maji, hata gizani. Basi mvuvi akiyajua mambo haya mawili, kwamba besi hukaa mafichoni na kwamba hutambua kila mtikisiko, amekwisha kujua nusu ya kazi yake.

VYOMBO VYA KAZI

Chombo cha kwanza ni fimbo. Fimbo ya kumvulia besi huwa ya urefu wa futi 6 au 7. Zamani zilitengenezwa kwa mwanzi au chuma. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni. Yapasa ncha yake iwe nyepesi, ili mkono uhisi samaki anapogusa, na shina lake liwe na nguvu ya kumwondoa samaki katika majani kabla hajajizongazonga humo.

Chombo cha pili ni kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Mwanzoni mwa karne ya 19, fundi wa saa aitwaye George Snyder, katika mji wa Paris katika jimbo la Kentucky huko Marekani, alitengeneza kigurudumu chenye meno ndani yake, mfano wa saa, hata mkono ukizungusha mara moja, gurudumu lazunguka mara kadhaa. Alikitengeneza kwa ajili ya kuvulia besi, na vigurudumu vingi vya leo vimetokana na fikira hiyo. Kigurudumu kizuri kina breki. Breki hiyo isikazwe kabisa, wala isilegezwe kabisa; samaki akivuta kwa nguvu mno, ni heri mshipi utoke kidogo kidogo kuliko kukatika.

Cha tatu ni mshipi. Zamani watu walitumia hariri, pamba au kitani, na ilikuwa lazima kuuanika kila jioni usije ukaoza. Baadaye ikaja nailoni, ambayo haiozi upesi, wala samaki haioni kwa urahisi. Kwa besi, mshipi wenye nguvu ya kuhimili ratli 10 hadi 14 watosha mahali penye maji wazi. Penye majani mengi yafaa uwe na nguvu zaidi.

Cha nne ni ndoana na chambo. Chambo chaweza kuwa hai, kama nyungunyungu. Lakini wavuvi wengi wa besi hutumia chambo cha bandia. Mwishoni mwa karne ya 19, James Heddon wa Dowagiac, katika jimbo la Michigan, alichonga vyambo vya mti vyenye ndoana, navyo vikawa mwanzo wa biashara kubwa. Mwaka wa 1949, Nick Creme wa Akron, katika jimbo la Ohio, aliyeyusha plastiki akaimimina katika kalibu ya nyungunyungu. Nyungunyungu huyo wa bandia alikuwa laini, akicheza majini kana kwamba yu hai. Mpaka leo hapana chambo kinachomdanganya besi kuliko hicho.

Wako pia wanaotumia vipande vya bati ving'aavyo, ambavyo huzunguka vinapovutwa na kutikisa maji. Hivyo hufaa maji yakiwa machafu, maana hapo besi hategemei macho yake sana.

MKULIMA WA GEORGIA

Mtu asidhani kwamba mwenye vyombo vingi ndiye apataye samaki wengi. Iko habari moja inayojulikana na wavuvi wa dunia nzima. Mwaka wa 1932, Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya fedha. Katika jimbo la Georgia kulikuwako kijana mkulima aitwaye George Perry, ambaye alikuwa akiwalisha mama yake na ndugu zake. Tarehe 2 Juni mwaka huo mvua ilikuwa imenyesha, na shamba lilikuwa limelowa hata halilimiki. Perry na rafiki yake wakaenda kuvua katika Montgomery Lake, ziwa dogo lililoachwa na mto Ocmulgee. Wote wawili walikuwa na fimbo moja tu na chambo kimoja cha bandia, wakipokezana: mmoja akitupa, mwenzake akapiga kasia.

Ilipofika zamu ya Perry, maji yakatibuka, naye akavuta, asiweze kuvuta. Alifikiri kwamba chambo kimenasa katika kisiki, akaogopa kukipoteza, kwa kuwa hakuwa na kingine. Ndipo kile kisiki kikaenda. Samaki yule alipopimwa alikuwa na uzito wa ratli 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na zaidi kidogo. Kisha akapelekwa nyumbani, akapikwa, na jamaa wakala. Hakuwekwa katika kioo ili watu wamtazame.

Uzito huo haukufikiwa na mtu mwingine kwa muda wa miaka 77. Tarehe 2 Julai, 2009, Manabu Kurita wa Japani alivua katika Ziwa Biwa besi mwenye ratli 22 na karibu wakia 5. Lakini kanuni za chama cha kimataifa cha wavuvi wa ndoana zataka samaki mpya ampite wa zamani kwa wakia 2 angalau. Kwa hiyo watu hao wawili waliandikwa kuwa sawa: mmoja mkulima mwenye chambo kimoja wakati wa dhiki, na mwingine mvuvi wa zama za vyombo bora.

NAMNA YA KUVUA

Saa zilizo njema ni alfajiri na jioni, jua lisipokuwa kali. Wakati huo besi hutoka mafichoni na kukaribia maji ya juu, na chambo chaweza kuvutwa usoni pa maji. Jua likipanda, hurudi kivulini au katika kina, na hapo chambo sharti kimfuate chini.

Mwenye kutumia nyungunyungu wa plastiki hufanya hivi. Hupitisha mshipi katika risasi ndogo yenye umbo la ncha, iwe chubwi, kisha hufunga ndoana. Hutia ncha ya ndoana katika kichwa cha nyungunyungu, akaitoa, akaigeuza, na kuizamisha tena katika mwili wake, ili ncha isionekane. Kwa njia hiyo chambo hupita kati ya majani na matawi bila kunasa. Hukitupa mbele ya maficho, asikitupe juu ya kichwa cha samaki; hukiacha kizame mpaka chini; kisha huinua ncha ya fimbo polepole, akaishusha, na kuzungusha mshipi uliolegea. Wasiojua huvuta kwa haraka. Anayejua huvuta kana kwamba amesinzia.

Besi akikitwaa, mkono huhisi mguso mdogo, mara moja au mbili, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole. Hapo mvuvi hushusha fimbo, hukusanya mshipi uliolegea, na kuvuta juu kwa nguvu mara moja, ili ndoana itoboe plastiki na kushika taya. Tangu hapo mshipi usilegee. Besi ana desturi ya kuruka nje ya maji na kutikisa kichwa, na mshipi ukilegea wakati huo, ndoana hutoka.

Samaki akiisha kufika kando ya mashua, asivutwe kwa mshipi. Meno ya besi ni madogo kama msasa, hayakati. Kwa hiyo hushikwa mdomo wa chini kwa kidole gumba na kuinuliwa. Akiwa mzito, mkono wa pili umtegemeze tumboni, ili taya lisivunjike. Mikono ilowanishwe kwanza, maana mkono mkavu huondoa ute unaomlinda samaki na maradhi.

MAFUNZO YA MZEE MVUVI

Mambo mengine hayaandikwi katika vitabu, bali hupatikana kwa wale ambao wameshika fimbo mpaka wakaota mvi. Mzee mmoja wa kando ya Naivasha, ambaye tangu ujana wake amewapigia makasia wavuvi wa ndoana na kuvua mwenyewe, husema kwamba alijifunza kwa masikio kabla ya kujifunza kwa mikono. Katika mashua yake hapana mtu anayeruhusiwa kuangusha kitu chini wala kugonga mbao kwa kiatu. Siku moja kijana aliyekuwa akifundishwa naye alimwuliza:

"Mzee, samaki ana masikio gani hata asikie kiatu changu?"

"Mwanangu," mzee akajibu, "wewe ukilala chumbani, mtu akipiga ukuta wa nyumba, hutaamka? Mashua ni ukuta wa nyumba yake."

Fundo ndilo neno la pili. Mzee huyo kabla ya kutupa chambo mara ya kwanza hulowanisha fundo kwa mate, hulikaza polepole, kisha hulivuta kwa mkono wake. Akiisha kumpata samaki, hulikata na kulifunga upya, hata likiwa laonekana zima. Yule kijana aliona kuwa huo ni upotevu wa wakati. Alivua besi wawili, akatupa mara ya tatu bila kutazama fundo. Besi wa tatu alikuwa mkubwa kuliko wote. Aliruka mara moja, mshipi ukakatika penye fundo, na kijana akabaki ameshika fimbo nyepesi. Mzee hakumkemea. Alimpa ndoana mpya na kumwambia afunge.

Lakini neno lake la tatu ndilo kubwa, nalo ni habari ya viota. Besi dume huchagua mahali penye maji machache, karibu na ufuo, hupafagia kwa mkia wake mpaka pakawa kama sahani, na jike hutaga humo maelfu ya mayai. Jike huenda zake. Dume ndiye abakiye kuyalinda. Hali chakula kama kawaida yake, bali hushambulia kila kitu kikaribiacho. Kwa sababu hiyo ni rahisi mno kumvua, na mtu asiyejua hufurahi kwamba amepata samaki bila taabu.

Mzee alipokuwa kijana alimvua dume mmoja penye kiota, akamtia katika kapu. Maji yalikuwa maangavu. Alipotazama chini tena aliona samaki wadogo wakija mbio kutoka kila upande, wakaingia katika ile sahani na kula mayai. Aliwapiga kwa kasia, wakaondoka, wakarudi. Kabla hajaweza kufanya jambo jingine, kiota kilikuwa kitupu. "Nilidhani nimevua samaki mmoja," husema, "kumbe nimevua kijiji kizima, na nimekula mtu mmoja tu." Tangu siku ile, akimwona besi katika maji machache asiyeondoka afukuzwapo, hugeuza mashua.

FAIDA NA HASARA

Ziwa Naivasha lilifunguliwa kwa uvuvi wa biashara mwaka wa 1959, na besi pamoja na perege wamewalisha watu wengi na kuwasomesha watoto wengi. Lakini neema hiyo ina kikomo. Mwaka wa 2001 uvuvi wa biashara ulisimamishwa kwa muda, kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Wavuvi walikaa bila kazi, na akina mama wauzao samaki sokoni walikaa bila bidhaa. Nyavu zenye matundu madogo zilikuwa zimewakusanya samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Na samaki ambaye hajazaa akiliwa leo, hana mtoto wa kuliwa kesho.

Tena yapasa kusema ukweli kwamba besi mwenyewe hakuja bila kuleta hasara. Yule samaki mdogo wa asili wa Naivasha alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962, na wataalamu hufikiri kwamba besi walikuwa na sehemu kubwa katika kutoweka kwake. Mwaka wa 1970 waliletwa kamba wa maji baridi. Hao walizaana sana, wakawa chakula cha besi wakubwa, lakini nao walikula majani ya majini ambamo samaki wadogo walikuwa wakijificha. Tangu mwaka wa 2001 akaonekana pia karpu, samaki achimbaye tope la chini na kuyachafua maji, naye akaongezeka upesi hata akawapita wengine katika nyavu. Basi katika ziwa hilo kila mgeni aliyeingia amebadili maisha ya waliomtangulia.

Japani nayo yatoa mfano. Besi waliingizwa huko mwaka wa 1925, katika Ziwa Ashi, wakaenea. Watu wengi hupenda kuwavua. Hata hivyo tangu mwaka wa 2005 sheria ya nchi hiyo inakataza kuwahamisha besi wakiwa hai bila ruhusa, kwa kuwa wamewamaliza samaki wa asili mahali pengi. Samaki ni yule yule mmoja: hapa ni riziki, pale ni mharibifu. Tofauti yatokana na wanadamu, wanaomchukua katika ndoo na kumtia katika maji yasiyo yake.

MAMBO YA KUSHIKA

Mtu atakaye kuvua kwa ndoana na ashike maneno haya.

Kwanza, aulize habari za leseni na kanuni katika afisi ya uvuvi kabla ya kutupa mshipi.

Pili, amrudishe majini samaki mchanga na samaki alindaye kiota, tena kwa upole, bila kumtupa kama jiwe.

Tatu, asichukue samaki hai, kamba wala mayai kutoka maji haya na kuyatia katika bwawa au mto mwingine, hata akidhani kwamba anawafanyia jirani zake hisani.

Nne, asiache vipande vya mshipi ufuoni. Nailoni haiozi upesi, na ndege wengi wa ziwani hufungwa miguu nayo wakafa kwa njaa.

Tano, awaheshimu viboko. Watu wameuawa Naivasha kwa kukaribia mafunjo alfajiri au jioni, wakati viboko wanapokwenda malishoni na kurudi. Mahali palipo na samaki wengi pakiwa pana kiboko pia, mvuvi mwenye akili hutafuta mahali pengine, wala haoni haya.

Mtu akiyashika hayo, fimbo yake haitamwudhi mwenye wavu, wala wavu wa jirani hautamwudhi yeye. Ziwa lina nafasi ya wote wawili, maadamu kila mmoja aacha majini samaki wa kuzaa wengine.